Onyo Lisiishie Ngazini

Usiku wa tarehe 14 Julai 2021 simu yangu ililia mara mbili nikiwa sebuleni, katika kijiji kimoja cha Swisttal, si mbali na mji wa Bonn. Ujumbe ulitaja mvua kubwa na hatari ya mafuriko. Niliusoma, nikalielewa kila neno lake la Kijerumani, kisha nikailaza simu kifudifudi na kuendelea kupiga pasi sare ya kazini. Chini yangu, umbali wa ngazi kumi na nne tu, alikuwa akiishi bibi mjane wa miaka 82, asiye na simu ya kisasa na asiyesikia vizuri kwa sikio la kushoto. Sikushuka kumwambia. Maji yalipoingia kwake, waliomtoa ni kijana wa nyumba ya pili na baba yake, ambao walimkuta amesimama juu ya kitanda, mkono mmoja ameshika picha ya marehemu mumewe na mwingine kopo la dawa za moyo.

Kinachonisuta zaidi ni kwamba nimekulia Kilosa. Mtu wa Kilosa hahitaji kufundishwa maana ya mafuriko: mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja tuta, ukaingia mjini, ukaharibu reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu wakiishi kwenye mahema. Kule habari za mto tulizipokea kwa miguu ya watu na kwa kelele. Nilipohamia Ujerumani nilijiaminisha kwamba huku wapo watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, na kwamba kazi yangu ni kulipa kodi na kusubiri kuambiwa. Makala haya nawaandikia wenzangu tunaozungumza Kiswahili na kuishi Ulaya, kwa kuwa nadhani wengi wetu tunaishi na dhana ileile.

Watu hao wanaolipwa wapo kweli, na wanafanya kazi kubwa. Tangu mwaka 2001 nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu wa pamoja wa ulinzi wa raia, ambao leo unazijumuisha nchi zote 27 za Umoja pamoja na nyingine 10 za nje yake, zikiwemo Norway, Serbia, Uturuki na Ukraine. Brussels kuna kituo cha uratibu wa dharura ambacho hakifungwi usiku wala sikukuu: nchi iliyozidiwa hutuma ombi, kituo hulifikisha kwa wengine wote, na wenye uwezo huleta watu na vifaa. Mwaka 2019 iliongezwa akiba ya pamoja iitwayo rescEU, yenye ndege na helikopta za kuzimia moto, kwa sababu ilishaonekana kwamba misitu ikiwaka katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, kila nchi huzuia ndege zake nyumbani. Katika mafuriko ninayoyasimulia, Ubelgiji iliomba msaada kwa njia hiyo, na vikosi vya uokoaji vikatoka Ufaransa, Italia na Austria. Hata tahadhari haikukosekana: mfumo wa Ulaya wa kutabiri mafuriko ulianza kuziarifu mamlaka za nchi husika tarehe 10 Julai, siku nne kabla ya maji kufika.

Pamoja na hayo, zaidi ya watu 180 walikufa Ujerumani, wengi wao katika bonde la mto Ahr, kusini kidogo ya kijiji chetu. Sababu zilikuwa nyingi na zilishachunguzwa na wataalamu, lakini ukiifuatilia njia ya onyo hatua kwa hatua utaona kwamba lilivuka mipaka ya nchi bila shida, likapita ofisi za taifa, kisha likaanza kupwaya kadiri lilivyokaribia milango ya watu. Katika kituo cha Altenahr, ambako rekodi ya kina cha maji ilikuwa mita 3.71 ya mwaka 2016, kipimo kilisoma mita 5.75 saa tatu kasorobo usiku, kisha kituo chenyewe kikasombwa. Hali ya maafa ilitangazwa rasmi karibu saa tano usiku, wakati vijiji vya juu ya bonde vilikuwa vimeshazama. Katika mji wa Sinzig, mahali ambapo Ahr inaingia kwenye mto Rhine, watu 12 wenye ulemavu walikufa ndani ya nyumba ya matunzo waliyokuwa wakiishi. Na katika jengo letu onyo lilifika hadi mkononi mwangu, likaishia hapo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu simu. Shuka ngazi. Wajue kwa majina watu wa jengo lako na uwajue kwa udhaifu wao, yaani nani anatumia kiti cha magurudumu, nani anatumia mashine ya oksijeni, nani analala chumba cha chini ya ardhi kwa sababu kodi yake ni nafuu. Vijana wetu wengi wanaosoma huku hupanga vyumba vya namna hiyo, na mafuriko yanapokuja ndivyo vya kwanza kujaa. Usiku ule walikufa pia watu walioshuka chini kuokoa mashine ya kufulia au masanduku. Mkubaliane mapema nani atamgongea nani. Mimi nilikuwa nimeishi juu ya yule bibi kwa miaka minne, na salamu zetu zilikuwa za asubuhi njema na siku njema tu.

Baada ya hapo ndipo simu. Hakikisha tahadhari za dharura hazijazimwa katika mipangilio yake. Uholanzi imekuwa ikituma ujumbe kwa kila simu iliyo katika eneo la hatari tangu mwaka 2012, bila kuhitaji programu wala kujiandikisha. Ujerumani ilianza kutumia njia hiyo mwaka 2023, baada ya msiba wa Ahr. Hata hivyo simu nyingi za zamani haziupokei, na wanaomiliki simu za zamani ndio wanaohitaji muda mrefu zaidi wa kutoka. Tena ujumbe wenyewe unaweza kuchelewa. Katika jimbo la Valencia, Hispania, tarehe 29 Oktoba 2024, simu zililia baada ya saa mbili usiku, wakati maji yalikuwa yameshawakuta watu ndani ya magari na kwenye gereji za chini. Waliokufa walizidi 220. Kwa hiyo ukiona mto umebadilika rangi na sauti, usisubiri ruhusa ya simu.

Yupo mtu mwingine wa kuulizwa kabla ya mvua: mzee wa kijiji. Bonde la Ahr liliwahi kufurika vibaya mwaka 1804 na tena 1910, mara ya pili wakifa wafanyakazi wengi waliokuwa wakijenga reli, lakini ramani rasmi za hatari zilichorwa kwa vipimo vilivyoanza kurekodiwa katikati ya karne ya 20, kwa hiyo miaka hiyo miwili haikuhesabiwa. Alama zake zilibaki kwenye kuta za nyumba na katika masimulizi. Kabla ya kupanga nyumba tazama ramani ya mafuriko ya manispaa, ambayo sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 inazitaka nchi zote ziitengeneze na kuiweka wazi, kisha muulize jirani mkongwe maji yaliwahi kufika wapi.

Sasa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya jamaa. Siku iliyofuata, tarehe 15, kijiji chetu kiliamriwa kihame, kwa kuwa bwawa la Steinbach lililo juu yetu lilikuwa limelegea na kulikuwa na hofu kwamba lingepasuka. Nilikuwa nimekaa kwa rafiki yangu Bonn, nimelowa, nikiwa na mkoba mmoja, ndipo sauti ya mtu nisiyemfahamu ilipoingia katika kikundi chetu cha Waswahili cha WhatsApp: "Jamani ndugu zangu, bwawa limepasuka, maji yanakuja Bonn, kimbieni!" Bwawa halikuwa limepasuka. Mkandarasi mmoja mzee aliingia na tingatinga lake chini ya ukuta uliokuwa ukitishia kuanguka, akazibua njia ya maji iliyoziba, na bwawa likaanza kupungua. Lakini ile sauti ilishasambazwa, na dada mmoja mjamzito alitoka nyumbani kwake, mahali palipokuwa salama kabisa, akaingia barabarani usiku akiwa na mtoto mgongoni. Tangu hapo kikundi chetu kina kanuni: habari ya hatari hutumwa ikiwa na jina la mamlaka iliyoitoa na saa iliyotolewa, na watu wawili tu ndio wanaoitafsiri kwa Kiswahili. Walionuna walinuna, wakazoea.

Wikendi iliyofuata nilikwenda bonde la Ahr na beleshi. Sijawahi kuona ushirikiano wa namna ile, na sijawahi kuona ukilega kwa namna ile. Wakulima walikuja na trekta zao kutoka mbali, mafundi umeme wakaja na magari yao, wanafunzi wakapanga mstari wa kupokezana ndoo kutoka chini ya nyumba hadi barabarani. Matope yalinuka mafuta ya kupashia nyumba joto, kwa kuwa matangi yalikuwa yamepasuka. Jioni glavu zangu zilikuwa zimelainika kama ngozi ya samaki. Kwa mzalishaji mmoja wa mvinyo tulichimbua chupa mojamoja, tukaambiwa tusizioshe, kwa sababu zingeuzwa na matope yake ili kuchangia ujenzi. Upande wa pili, siku ya kwanza watu walijazana kiasi kwamba magari ya dharura yalikwama nyuma ya magari yetu sisi wasamaria, na nyumba moja ilipata watu thelathini huku ya jirani ikikosa hata mmoja. Mambo yalinyooka pale watu wa hukohuko walipoamua kwamba magari yaachwe uwandani juu ya bonde, na wanaojitolea washushwe kwa mabasi hadi mahali walipohitajika. Ukitaka kusaidia, tafuta kwanza anayepanga, na umtii hata kama atakupa kazi ya kukata mikate.

Kilichonishawishi hatimaye kujiunga na zimamoto ya kijiji ni hesabu. Hapa Ujerumani zimamoto, nje ya miji mikubwa, ni ya watu wa kujitolea: mwashi, mwalimu, wakala wa bima. Shirika la serikali la misaada ya kiufundi, THW, lililoanzishwa mwaka 1950, nalo linategemea watu wa kujitolea katika matawi 668. Hao ndio waliofika mlangoni kwetu usiku ule, si Brussels. Niliogopa Kijerumani changu, ambacho ni cha wodini, lakini nilichohitaji jioni ya kwanza ni kujua kwamba mpira wa maji wa aina ya B ni mnene na wa C ni mwembamba. Uraia hawakuniuliza, waliniuliza saizi ya viatu.

Humo ndimo nilimofahamu ushirikiano wa nchi na nchi unavyoonekana ukiutazama karibu. Tulifanya mazoezi na wenzetu wa mji rafiki wa Ufaransa, kila upande ukiwa na pampu nzuri na mipira mizuri, na kwa dakika nyingi hakuna tone lililotoka, kwa sababu midomo ya mipira yao na yetu haifanani. Kilichotuokoa ni kipande cha kuunganishia, kizito, kinachotosha kiganjani, ambacho mtu mmoja alikuwa amekumbuka kukiweka kwenye gari. Mikataba yote ya Ulaya ina kipande chake cha namna hiyo, na huwa hakipatikani siku ya maafa kama hakikutafutwa kabla. Nchi za mto Rhine zilikuwa na tume ya pamoja tangu mwaka 1950, lakini ni baada ya ghala la kemikali kuungua karibu na Basel tarehe 1 Novemba 1986, sumu ikateremka na mto na kuua samaki hadi mbali, ndipo zilipoharakisha mpango wa kweli wa kuusafisha mto kwa pamoja. Mwaka 1995 Uholanzi ililazimika kuhamisha watu wapatao 250,000 kwa hofu ya mafuriko, na miaka mitatu baadaye nchi hizo zikawa na mpango mmoja wa mafuriko, ambao unamtaka aliye juu ya mto ayape maji nafasi ya kutanda kwake ili yasimwangukie aliye chini. Haya yalijengwa kwa vikao vya kuchosha, mwaka baada ya mwaka. Nawasihi wasomaji waliomo katika halmashauri za wahamiaji, makanisa na misikiti wakubali kukaa kwenye vikao vya namna hiyo pale manispaa inapowaalika, na wasipoalikwa waombe.

Alhamisi ya pili ya Septemba, saa tano asubuhi, Ujerumani nzima hujaribu ving'ora na simu zake. Katika jengo letu tumeifanya siku ya kujaribu ngazi pia. Safari ya mwisho simu yangu ililia, nikavaa viatu, nikashuka zile ngazi kumi na nne na kugonga mlango wa bibi, ambaye simu yake ya vitufe ilikuwa kimya kama kawaida. Alifungua akiwa ameshavaa koti, mkoba wa dawa begani, akatazama saa ya ukutani na kuniambia kwamba nimechelewa dakika mbili.