Hiyo chupa ya salaini, iweke chini

Juzi usiku nimemkuta intani mmoja, kijana mwerevu kweli, ameshika sirinji iliyojaa salaini, yaani maji ya chumvi, sindano imebakiza kidole kimoja iingie kwenye chupa ya AmBisome, dawa ya fangasi. Nilipiga kelele mpaka mama wa kitanda cha tisa akaamka akidhani kuna mtu amekata roho. Kijana alinuna hadi zamu ikaisha. Anune tu. Ninaandika haya kwa ajili yake na ya wenzake wanaoletwa wodini na makoti yaliyopigwa pasi, wakijua habari zote za nanoroboti zitakazoogelea kwenye damu siku moja. Wadogo zangu, nanoteknolojia iko kwenye toroli hapo, ni unga wa njano, na Marekani waliiidhinisha tangu 1997.

1. Andika jina zima. "Amfo" si jina la dawa. Amfoterisini B ya kawaida haivuki miligramu 1.5 kwa kilo kwa siku. Hii ya liposomu, yaani AmBisome iliyofungwa kwenye vifuko vya mafuta, kwa mgonjwa wa kripto, fangasi wa utando wa ubongo, tunatoa 10 kwa kilo, mara moja, basi. Ukitoa ile ya kwanza kwa dozi ya hii ya pili, moyo unaweza kusimama.

2. Yeyusha kwa maji ya sindano, mililita 12 kwa kila chupa ya miligramu 50. Salaini, hapana.

Mimi nililijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa nimehamishwa kutoka wodi ya upasuaji, ambako mkono wangu ulishazoea: seftriaxoni, salaini, tikisa, choma, mgonjwa mwingine. Siku hiyo tulikuwa na kijana wa bodaboda, kilo 50, kichwa kimemuuma wiki tatu, maji ya mgongo yametoka kwa kasi ya bomba lililopasuka. Kilo 50 ni miligramu 500, yaani chupa 10. Tulizisubiri siku mbili. Zilipofika nilikuwa nimetoka kumpitishia lita ya salaini yenye potasiamu, ile ya kulinda figo kabla ya dawa, na chupa nyingine ya salaini ilikuwa imebaki juu ya toroli. Mtego wenyewe ndio huo. Na mimi kwa ufundi wangu nilitia salaini kwenye zote 10 mfululizo kabla sijatikisa hata moja.

Nikatikisa ya kwanza. Mabonge mabonge, kama maziwa yaliyokatika. Nikatikisa zaidi, kana kwamba tatizo ni uvivu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu sikuigusa, nilikaa kwenye stuli.

Mfamasia, mama mmoja mpole, hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliinua chupa kwenye taa akasema, "Sista, umeviua vifuko." Ndipo akanifundisha nilichopaswa kukijua: ule si unga wa dawa tu, ni vifuko vya mafuta vya kama nanomita 80, amfoterisini imejibana kwenye kuta zake. Ndivyo vinavyoisafirisha bila kuimwaga ovyo kwenye figo. Kuta zina chaji hasi kidogo, kwa hiyo vifuko vinasukumana na kubaki vimetawanyika. Chumvi ikiingia, msukumano unafifia, vinagandana.

Mama wa kijana alikuwa nje kwenye benchi. Aliniuliza, "Mwanangu, dawa imeshaingia?" Nikamwambia bohari wamechelewesha. Fomu ya tukio niliijaza kwa ukweli wote; kwa mama nikadanganya. Kijana alianzishwa vidonge vya flukonazoli na flusitosini, sindano akaipata kesho yake jioni, chupa zikiwa zimeazimwa hospitali nyingine. Alitoka wodini kwa miguu yake, na mama yake akaniletea ndizi za kunishukuru. Mimi! Nilizila, lakini hazikushuka vizuri.

3. Tikisa kwa nguvu, sekunde 30. Najua mmefundishwa insulini inabembelezwa. Hii siyo insulini.

4. Tumia chujio lake la mikroni 5. Kila mwaka kuna mmoja anayeniuliza kama litaibakiza dawa. Mikroni 5 ni nanomita 5,000, mdogo wangu. Ni kama kuogopa mbuzi atakwama kwenye geti la stendi.

5. Dripu ni D5, maji ya sukari ya asilimia 5, si ya chumvi. Kwa miligramu 500 utakuwa na mililita 125 za dawa, kwa hiyo toa kwanza 125 kwenye chupa ya nusu lita ndipo utie, upate miligramu moja kwa mililita. Na mrija uliopitisha salaini usafishe kwa D5 kabla ya kuunga. Usinijibu kwamba yaliyobaki mle ni matone tu.

6. Dozi moja isiwafanye mumsahau mgonjwa. Kreatinini, kipimo cha figo, na potasiamu bado zinapimwa, vidonge vya wiki mbili bado vinamezwa mbele ya macho yako, na kichwa kikirudi kuuma, usiongeze panado, mwite daktari atoe maji ya mgongo apime presha ya maji hayo. Yule wa bodaboda alitolewa mara tatu, na mara ya tatu alicheka mwenyewe, akasema sasa mnanipunguzia mafuta kwenye tanki.

Kijana wangu aliyenuna alinifuata jana na daftari lake, bado hajanitazama usoni, akauliza D5 zinakaa wapi. Kabati la kushoto, rafu ya chini, nyuma ya mabeseni.