Dawa imefungwa juzi, mbona bado amelala?

Wiki hii ujumbe wenu umeelemea upande mmoja: figo, na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama morfini. Nimechagua maswali manne.

Dada muuguzi, baba yangu yuko chumba cha mahututi, figo zimegoma. Morfini ilifungwa juzi lakini bado amelala fofofo, na mkono unashtukashtuka. Walimzidishia? (Binti, Muyeye, Malindi)

Pole, mwanangu. Huenda hawakuzidisha kitu. Morfini ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa vitu viwili. Kimoja kinalaza kuliko hata morfini yenyewe. Kingine huchokoza neva, na hicho ndicho kinachoshukiwa kuleta huko kushtuka. Vyote viwili hutoka kwa njia ya figo. Kwa mwenye figo nzima, nusu ya morfini huondoka katika saa 2 au 3. Figo zikigoma, ni chombo kilichoingia maji: tundu umeshaliziba, lakini hakuna wa kuyafua yaliyomo. Yanaweza kukaa siku kadhaa.

Ukienda kumwona, utazame mfuko wa mkojo ulioning'inia ubavuni mwa kitanda. Mtu wa kilo 60 twamtarajia atoe walau mililita 30 kila saa. Nakumbuka zamu moja ya usiku: tangu Isha hadi Alfajiri, mfuko haukupanda zaidi ya upana wa vidole viwili, na mkojo wenyewe mweusi kama chai ya rangi. Karatasi ya maabara nayo ikasema kreatinini, ule uchafu wa damu ambao figo huutoa, haijapanda sana! Kreatinini huchelewa, figo hugoma leo, karatasi ikapiga kelele kesho. Mimi huuamini mfuko kwanza.

Lakini usingizi wa mahututi una sababu nyingi. Muulize daktari kama alipewa pia midazolamu, dawa ya kulaza, maana nayo huacha mabaki yanayosubiri figo, na kama wameuangalia ubongo na maambukizi.

Mume wangu alivushwa kwa boti hadi Mokowe, akapelekwa Mombasa. Kule wakamtoa kwenye morfini wakamtia fentanili, eti kwa ajili ya figo. Si ndiyo kali zaidi? (Mama wa watatu, Mkomani, Lamu)

Ni kali, kweli. Kwa uzani yakaribia mara 100 ya morfini, ndiyo maana hupimwa kwa maikrogramu. Lakini waliifuata kwa jambo jingine, mama. Ini huivunja fentanili ikawa kitu kisicho na nguvu, basi hata figo zikilala, mabaki yake hayamlazi mgonjwa. Kasoro yake ni kwamba hujificha kwenye mafuta ya mwili, na dripu ikienda siku nyingi, nayo huchelewa kutoka. Iko pia remifentanili, inayovunjwa na vimeng'enya vya damuni na mwilini kwa dakika chache tu, haingoji ini wala figo. Ila ukiifunga, maumivu yanarudi upesi vilevile.

Kaka alidungwa sindano ya kumzindua, akafumbua macho, akatutaja majina. Baada ya saa moja hivi akazama tena. Sindano ilikuwa mbovu? (Kijana, Barani)

Hapana. Hiyo bila shaka ni naloksoni, dawa ya kuzima nguvu za morfini na wenzake. Haiitoi morfini mwilini, huitoa tu kwenye kiti chake ubongoni na kukikalia yenyewe. Nguvu yake huisha upesi, na kama figo hazifanyi kazi, mabaki ya morfini yako palepale yanangoja kiti. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo haachwi peke yake kwa kuwa ameamka. Mara nyingi hurudiwa sindano au huwekewa dripu yake.

Nina tramadoli zilizobaki nilipopasuliwa. Mama anasafishwa damu mara 2 kwa wiki, magoti yanamtesa. Nimpe kimoja? (Langoni, Lamu)

Usimpe hata nusu. Tramadoli nayo hutegemea figo kutoka, na ikijazana huweza kuleta kifafa. Wala usimkimbilie diklofenaki ya duka la dawa, itamalizia hata hicho kidogo cha figo kilichobaki. Paracetamol ndiyo ya kuanzia, na kiasi chake waulize wauguzi wa mashine siku yake ya kusafishwa. Wao wanamjua kuliko mimi.