Nafuu ya deksa ilivyonichelewesha

Februari 2021, Dar es Salaam, kila kikohozi kilikuwa na jina moja: "changamoto ya upumuaji", yaani Korona bila kuitaja. Nami nikakohoa. Mama mkwe akachemsha nyungu ya mwarobaini na mchaichai, nikajifukiza hadi miguu ikalegea. Hospitali, picha ya kifua ikaonyesha mabaka, nikaandikiwa deksamethasoni (deksa), dawa ya kundi la steroidi, siku 10. Siku ya tatu nilidai ugali.

Wiki mbili baada ya kumaliza dawa, yote yakarudi. Hapo ndipo tulipopotea. Deksamethasoni haiui kirusi, inatuliza kinga ya mwili. Sasa kama kinga yenyewe ndiyo inayokushambulia, utapata nafuu vilevile, na kila mtu ataamini Korona imeondoka. Nikaambiwa nimeambukizwa upya. Makohozi yakapimwa TB, hakuna.

Dalili nyingine zilikuwepo ila nilizijibu mwenyewe. Pua kutoa damu na magamba kwa miezi: nikasingizia feni. Sikio moja kuziba: maji ya kuoga. Maumivu yaliyohama, leo goti, kesho kiwiko: uzee (nina miaka 38!). Daktari aliniuliza kifua, nikajibu kifua. Simlaumu, wodi ilikuwa imejaa watu waliokohoa kama mimi.

Aliyenishtua ni daktari kijana wa zamu ya usiku, aliyeagiza mkojo upimwe kwa kijiti kile cha bei ndogo. Damu na protini. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo hupaswa kuichuja, nayo juu. Ndipo kikafuata kipimo cha damu cha ANCA, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe, kisha kinyama kikachukuliwa kwenye figo. Jibu: GPA, ugonjwa uliokuwa ukiitwa Wegener, ambapo kinga huvimbisha mishipa midogo ya damu ya pua, mapafu na figo.

Kwa hiyo ndugu yangu, kikohozi kikirudi kila ukiacha steroidi, omba mkojo na kreatinini vipimwe, hata kama umeenda kwa ajili ya kifua. Taja na yale unayoona hayahusiani, pamoja na tarehe zake. Mimi sasa nina daftari. Usijinunulie deksa dukani, itaficha ugonjwa huku figo zikiendelea kuharibika. Na ukishawekwa kwenye prednisoloni, steroidi nyingine, ya muda mrefu, usiikatishe ghafla hata ukijisikia vizuri. Dozi hupunguzwa taratibu na daktari.

Mama mkwe bado anashikilia kwamba nyungu ingetosha kama ningevumilia wiki nzima. Sibishani naye. Prednisoloni yangu ya asubuhi naimeza na chai yake ya mchaichai.