Kwa nini Bobby ndiye baba

Umeuliza kwa nini mashabiki wa Supernatural, tamthilia ya Kimarekani ya televisheni, humwita Bobby Singer baba wa ndugu wawili, Sam na Dean, ilhali John, baba yao mzazi, alikuwa mwindaji hodari wa majini na mazimwi. Jibu langu liko kwenye kipindi kile cha 2011 Bobby anapofariki. Tunamwona Dean akiwa bado mtoto. Alitakiwa afanye mazoezi ya bunduki siku hiyo, Bobby akampeleka uwanjani wakarushiana mpira. Basi. Mzee mkali kama pilipili, na hapo ndipo aliponishika roho.

Kumbuka pia alikotoka: baba yake mlevi, mpigaji, na mkewe akaingiwa na pepo hadi Bobby akamuua kwa mkono wake mwenyewe. Hakutaka kuzaa, aliogopa angeharibu mtoto. Halafu anakuja kuwashikilia hawa wawili, katikati ya yadi ya magari mabovu kule Sioux Falls, na wanapojifanya maafisa wa FBI, anawapokelea simu akijifanya mkubwa wao wa kazi ili polisi wasiwashuku. Neno lake la mwisho kwao ni lilelile la kuwafokea kila siku, "wajinga", na wao wanajua maana yake.

Mimi nililelewa na mjomba, fundi wa magari pale Shabab, Nakuru. Hakuwahi kusema ananipenda. Alinifokea mchana kutwa, "Wewe, lete spana ya kumi na tatu!", kisha wakati wa chakula anasukumia nyama zake zote kwenye sahani yangu, yeye anamalizia ugali na sukuma.