Naandika kila usiku, mbona moyo bado mzito?

SWALI: Mshauri, tangu tumzike baba, mimi na kaka yangu hatuelewani juu ya shamba la zabibu alilotuachia Hombolo. Kila usiku nayaandika kwenye daftari, lakini nikimaliza naumia zaidi. Niache? Msomaji, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Pole sana, dada yangu, kwa msiba na kwa ugomvi uliofuata. Usiache, ila badilisha namna unavyoandika.

Kuumia mara tu baada ya kuandika ni kawaida. Mwaka 1986, wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walitoka na huzuni, lakini miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Siku 4 tu, dada, si kila usiku.

Ninachohofia kwako ni kurudia. Tafiti za baadaye za Pennebaker zilionyesha kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao maelezo yao yalibadilika siku hadi siku, wakizidi kutafuta sababu na kuelewa. Ukiandika "kaka amenidhulumu" usiku baada ya usiku, unatonesha kidonda.

Basi anza upya. Siku ya kwanza andika yaliyotokea na ulivyojisikia. Ya pili, jiulize kilichokuuma hasa: ni shamba, au ni yale aliyokutamkia mbele ya ndugu? Ya tatu ni ngumu, lakini naipenda kuliko zote: simulia ugomvi huo kama kaka yako angeusimulia, naye akijiita "mimi". Ya nne, andika utakalofanya na utakaloliachia baraza la ukoo. Andika jioni ukitoka kazini, kabla ya kupika, usiandikie kitandani. Lugha yoyote inafaa, hata Kigogo cha nyumbani. Kama unaogopa daftari litasomwa, chana kurasa. Faida iko katika kuandika.

Ukikosa usingizi majuma mawili, ukishindwa kula, funga daftari utafute mtaalamu. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyohiyo. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili. Najua wengi wanaliogopa jina hilo, nami linaniuma, kwa sababu watu wanachelewa kutibiwa. Mwombe mtu unayemwamini akusindikize.