Utando mweupe mdomoni: kabla ya kunong'ona, uliza anatumia dawa gani

Dada uliyeuliza kuhusu baba yako mwenye utando mweupe kwenye ulimi, na majirani wameshaanza kusema ni "ule ugonjwa", pole. Hayo yalinikuta hapa Lamu, nyumbani kwetu Langoni, kwa mamangu mzazi.

Mama ana pumu. Kifua kilipombana sana aliandikiwa pampu mbili, ya buluu ya kufungulia kifua akizidiwa, na ya kahawia ya kuvuta asubuhi na jioni. Baada ya wiki kadhaa akaanza kukimbia chakula. Mama asiyekula wali wa nazi bila achari, leo achari yamchoma! Nikamwambia afunue kinywa. Ulimi na mashavu kwa ndani, utadhani amekunywa mtindi hajasukutua. Nikafuta kidogo kwa kitambaa safi: utando ukabanduka kwa shida, chini pekundu, damu ikatoka. Mabaki ya maziwa hayafanyi hivyo.

Nikakimbilia duka la dawa, nikapewa antibayotiki. Utando ukazidi. Kumbe utando huo huletwa na fangasi aitwaye Candida, ambaye hukaa kinywani mwa watu wengi wazima bila neno lolote, akizuiwa na kinga ya mwili na bakteria wa kawaida anaoishi nao. Sisi tukawaua bakteria, tukamwachia uwanja. Na pampu ya kahawia ina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa. Inayobaki mdomoni hushusha kinga ya hapo mdomoni.

Daktari aliyetusaidia alianza kwa swali: "Mama, ukishavuta hiyo pampu, wasukutua?"

"Nisukutue dawa niliyoinunua kwa pesa?"

Tulicheka, lakini jibu lilikuwa hapo. Kisha akamwomba avue meno ya bandia, kumbe alikuwa akilala nayo. Akampima sukari pia, maana kisukari kilichopanda humnenepesha fangasi. Kipimo cha VVU alikitaja wazi wazi: mtu mzima akiota utando bila sababu inayoonekana, ni vyema apime. Mama akapima vyote, vyote vikawa salama. Majirani hatukuwapelekea karatasi.

Dawa ilikuwa nystatini ya maji, ya kuua fangasi, mara 4 kwa siku baada ya kula, aizungushe mdomoni kwa muda ndipo ameze, na aendelee siku 2 baada ya utando kwisha. (Jina hilo limetokana na jimbo la New York; walioigundua ni wanawake wawili, Elizabeth Hazen na Rachel Brown.) Meno yakapigwa brashi na kulazwa majini kila usiku. Pampu hakuiacha, na baba yako kama anayo usimwachishe, pumu huua.

Habari za kukwangua kwa chumvi na ndimu, ziache. Mama alijaribu siku moja nikiwa sokoni, akalia kama mtoto. Baba yako akianza kuumwa anapomeza, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, huenda fangasi ameshuka kooni. Na kama mwenye utando ni mtoto mchanga anayenyonya, mtoto na chuchu za mama hutibiwa pamoja, la sivyo wataambukizana kila siku.

Siku hizi pampu ya kahawia hukaa ndani ya kikombe cha bati kando ya kitanda. Mama hawezi kuichukua bila kushika kikombe, na akishakishika, hana budi kukitia maji.