Joto la kaskazi na maua ya makopo: jibu kwa dada wa Bamburi

Hamjambo wapenzi wa maua.

Dada uliyehamia Bamburi, hapa Mombasa, kutoka Nakuru mwezi wa Novemba, umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: mbona mawaridi na mirehani yako ya makopo inakauka kwenye roshani ingawa unaimwagilia mara tatu kwa siku, na sisi wenyeji tunaishije na joto hili hata tukalala usiku. Wenzangu wamekwambia utazoea. Ni kweli, utazoea, lakini maua hayatakungoja. Mimi nimepanda maua ya makopo kwa miaka kumi na tisa, mwanzo kwa nyanya yangu Kibokoni, Mji wa Kale, na sasa Kisauni, ghorofa ya tatu, kwa hivyo acha nikujibu kwa kirefu.

Kwanza uujue upepo. Huku pwani mwaka tunaugawa kwa pepo. Kaskazi huanza Desemba hivi na kwenda mpaka Machi. Ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi mpaka Bandari ya Kale. Kuanzia Aprili hushika kusi, nayo huja na masika, na ifikapo Julai na Agosti tunapata kipupwe, wazee wakatoa masweta alfajiri wakati jamaa zetu walioko Uingereza wanatutumia picha za kiangazi chao. Baina ya pepo hizo mbili kuna malelezi, siku ambazo upepo haujui uvume wapi, na hapo ndipo utakapoijua Mombasa. Kipimajoto hakitakuonyesha tofauti kubwa, nyuzi 32 Januari na 33 Machi. Ila Januari kaskazi inavuma, na mwezi wa Machi upepo ukifa pazia halitikisiki tangu adhuhuri hadi magharibi.

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Huko jua likichwa ardhi hupoa, mtu akajifunika blanketi. Hapa, usiku wa Machi joto ni nadra kushuka sana chini ya nyuzi 24, na hewa imejaa mvuke wa bahari. Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi halikauki, hutiririka tu. Ndiyo sababu unahisi umechoka hata siku ambayo hukufanya kazi. Na waridi lako lina shida hiyohiyo. Ni ua linalopenda usiku wa baridi, na usiku wa baridi hapa halitaupata kabla ya Juni.

Sasa nije kwenye makopo. Umesema majani yanaanza kukauka pembeni, ukingo unageuka kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto, na kati bado ni kijani. Nilipoisoma sentensi hiyo nilijua. Dada, hilo si jua. Hiyo ni chumvi.

Yalinifika mimi. Mwaka wangu wa tatu hivi, maji ya mfereji yalikatika wiki nyingi, na maji ya mkokoteni nilikuwa nikinunua ya kupikia na kunywa tu. Maua nikayamwagilia maji ya kisima cha kwenye ploti. Maji yale yanafulia, yanaogea, sikuyafikiria mara mbili. Majani yakaanza kuungua ukingoni. Nikaona ni jua, nikazidisha maji. Yakaungua zaidi. Nikazidisha tena. Waridi jekundu alilonipa shangazi yangu lilikuwa limebaki fimbo siku nyanya alipokuja kunitembelea. Hakusema neno. Alichota udongo kidogo kwa ncha ya kidole, akauonja, akanitazama. "Mjukuu wangu, umepika mchuzi au umepanda ua?"

Visima vingi vya kisiwani na vya ufukweni vina chumvi, kwani chini yetu ni mwamba wa matumbawe na bahari iko karibu. Kila unapomwagilia, jua linanyonya maji na kuiacha chumvi ndani ya kopo. Kwa hivyo ukimwagilia mara tatu kwa siku unaongeza chumvi mara tatu kwa siku. Dawa aliyonifundisha nyanya ni hii: ukipata maji matamu, mimina mengi kwa mpigo mmoja mpaka yatoke kwa wingi kwenye matundu ya chini, subiri, umimine tena. Unaliosha kopo ndani. Baada ya hapo mwagilia maji matamu tu, mara moja kwa siku, hata kama ni kidogo. Na kama kopo halina matundu chini, toboa leo hii.

Utauliza maji matamu yatoke wapi, na ya mfereji yanakuja kwa zamu. Maji ya kuoshea mchele usiyamwage, hayo ni ya maua. Mvua yoyote ikinyesha, hata ya dakika kumi, weka beseni. Na jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: maji yanayotona kwenye kiyoyozi. Ule mvuke wa hewa unaotutesa ndio unaogeuka maji ndani ya mashine ile, na hayana chumvi hata chembe. Si ya kunywa, ila mimea inayapenda. Chini ya nyumba yetu pana duka la simu ambalo mashine yao inafanya kazi mchana kutwa, na yule kijana wa dukani hunijazia ndoo ya lita 20. Nami humpelekea asumini siku ya Alhamisi jioni, mkewe anazipenda.

Jambo la pili ni kivuli, na hapa nina neno na wale waliokushauri utafute kona yenye kivuli uyaache makopo hapo. Kivuli cha Mombasa huhama. Tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Desemba na Januari jua la mchana linapita upande wa kusini wetu, kwa hivyo kivuli cha ukuta kinaangukia kaskazini. Wiki ya pili ya Machi linapita utosini kabisa: simama uani mnamo saa sita na nusu mchana utaona kivuli chako kimejikunja chini ya miguu. Baada ya hapo linahamia kaskazini, na ile kona uliyoipenda Januari inaanza kuchomwa. Mimi nilipoteza mirehani minane kwa kutolijua hilo. Siku hizi mwisho wa Februari nahamisha makopo yote, kazi ya asubuhi moja tu.

Na usiyaweke makopo juu ya simiti tupu. Simiti ikishika moto saa sita huurudisha mpaka usiku, na mkebe wa bati au ndoo nyeusi inapika mizizi. Inua makopo kwa vipande vya mbao, hewa ipite chini. Kisha tafuta makumbi ya nazi, kwa wauza nazi utayapata bure. Yachambue, weka tabaka chini ya udongo na jingine juu. Yanahifadhi maji vizuri sana. Lakini yaroweke kwanza kwenye maji matamu na uyamwage, mara mbili au tatu, kwani makumbi nayo yana chumvi yake. Yale yaliyookotwa ufukweni usiyaguse. Ukishayaweka, jihadhari na kunguru. Watakuja kunyofoa nyuzi wakajengee, na miche midogo wataing'oa kwa kuchezea tu. Mimi nafunika kwa wavu wa zamani wa samaki.

Nikwambie na hili kwa upendo: waridi ni ua la kwenu. Litunze hilo moja, lipe jua la asubuhi mpaka saa nne na kivuli baada ya hapo, litavuka. Ila moyo wako upe asumini. Asumini hupenda joto hili hili. Wakati sisi tunahema, yeye anatoa vichupukizi vyeupe. Vichume alasiri kabla havijafumbuka, uvitunge kwa uzi, na ukishaswali isha nyumba nzima itanukia. Nyanya alikuwa akiweka koja moja kwenye kasha la nguo na moja kwenye mto. Hakuna manukato ya dukani yanayonirudisha kwake kama hayo.

Kuhusu kuishi, sisi siku tunaikata vipande viwili. Kazi nzito yote iishe kabla ya saa nne. Mimi naamka saa kumi na moja, baada ya swala namwagilia maua gizani bado, nafua, napika cha mchana, na saa nne jiko limezimwa. Kuanzia saa sita hadi saa tisa na nusu usijilazimishe kutoka kama huna lazima. Watu wa bara hutuita wavivu kwa hilo. Wangekuja wabebe magunia soko la Marikiti saa saba mchana wa Machi, wangeelewa. Baba yangu alibeba.

Ramadhani ndiyo iliyonifunza zaidi. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, katikati ya joto lenyewe, na tulifunga. Tuliivuka kwa mpango huohuo wa kutembea kivulini, kuoga kabla ya adhuhuri, na baada ya futari kunywa kidogokidogo mpaka daku, si kujaza tumbo kwa mara moja. Mwili unashika maji ya taratibu, kama kopo. Sharubati ya ukwaju, dafu, tikiti maji. Na msimu huu maembe ngowe yapo, usiyaache yakupite.

Jioni nenda kwenye upepo. Wengi wetu tunakwenda Mama Ngina, kando ya bahari kule kisiwani, tunakaa ukutani tukitazama meli zikiingia Kilindini, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu mkononi. Wewe wa Bamburi una ufuo mlangoni, ila jifunze maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri hivi. Alasiri hizo ndizo za kuoga na watoto. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa zinageuka, ukienda alasiri utakuta mwani na kina cha magoti.

Na usingizi. Madirisha ya upande wa bahari na ya upande wa pili yafunguliwe yote jua likichwa, na mchana mapazia yafungwe, usiache jua likae ndani ya nyumba. Nyumba za Kibokoni zina kuta nene za mawe ya matumbawe, zilikuwa zikituhifadhi mpaka alasiri. Hizi ghorofa zetu mpya ukuta ni mwembamba, saa nane umeshawaka. Oga maji ya kawaida kabla ya kulala, usijifute sana, jifunge leso iliyoloweshwa ikakamuliwa, feni ipige kutoka pembeni. Godoro likikuunguza, shuka ulale kwenye mkeka. Wanangu wawili wanalala sakafuni tangu Januari mpaka mvua ije.

Kipandikizi cha asumini nitakukatia, lakini si sasa. Kikikatwa kwenye joto hili kitanyauka kabla hujafika Bamburi. Mvua za masika zikishika, katikati ya Aprili hivi, niandikie. Nitakukatia vitatu, urefu wa shibiri, nikuzungushie majani ya mgomba yenye maji. Wewe andaa udongo na makumbi yaliyooshwa tangu sasa, na lile waridi anza kuliosha leo jioni.